Vumbi la Mgodi na Beseni la Nyumbani

 Mazungumzo yetu ya leo yahusu kazi ambayo waandishi wa tarikhi hawakuitengea sura katika vitabu vyao, ingawa hakuna juma lililopata kupita katika nyumba zetu bila ya kazi hiyo kutendwa, nayo ni kufua nguo. Vitabu juu ya mji wa Kolwezi vyaeleza kwa tafsili tani za shaba zilizotolewa ardhini, tarehe za mikataba na majina ya wakurugenzi. Lakini salopeti iliyotoka mgodini mwisho wa juma ikiwa nyekundu kwa udongo na kijani kwa madini, kisha Jumatatu ikarudi kazini ikiwa safi na imepigwa pasi, ilisafishwa na mikono ambayo haikuandikwa katika daftari yoyote ya mishahara. Nataka tuifuate mikono hiyo tangu enzi za bibi zetu mpaka kwa mabinti wa leo, kwa kuwa nina dai la kutoa kwa niaba yao.

Kabla ya mji kuwapo, nchi hii ya Walunda, Wandembo na Wasanga ilikuwa na nguo chache. Kitambaa cha ng'ambo kilifika kwa misafara, mingine ikitoka pwani ya mashariki na mingine upande wa Angola, na kwa kuwa kilinunuliwa kwa pembe, kwa shaba na, ole wetu, kwa watu pia, hakuna aliyekichakaza kwa kukifua ovyo. Sabuni ilikuwa maji ya majivu, yaliyochujwa taratibu hata yakawa makali. Nguo ilipigwa juu ya jiwe mtoni, ikasuuzwa, ikatandazwa majanini hadi ikauka, na siku maalumu ya kazi hiyo haikuwapo: nguo ilifuliwa ilipochafuka, na mto haukuwa na zamu wala bei. Sitaki kuusifu wakati huo kupita kiasi, maana mto ulikuwa na mamba na kichocho; ila nataka ikumbukwe kwamba uchafu uliotolewa katika nguo hizo ulikuwa ni jasho, moshi na udongo wa shamba, vitu ambavyo mto huvipokea na kuvisahau.

Kisha ikaja Kampuni. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, ikaanza kazi zake upande wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na mwaka 1937 ikauanzisha mji wa Kolwezi uwe makao ya migodi yake ya magharibi. Katika miaka yake ya mwanzo ilikuwa ikiwachukua wanaume peke yao kwa mikataba mifupi, na wengi wao wakafa kwa maradhi na wengine wakatoroka, hata ilipokaribia mwaka 1928 ikaigeuza siasa yake, ikaona kuwa ni faida zaidi mfanyakazi akae miaka mingi, aje na mkewe, azae na kulea watoto wake kambini. Kwa hiyo Kolwezi ilipojengwa, mwanamke alikuwa amekwisha tiwa katika hesabu, si kama mwenye ujira, bali kama mtu ambaye kwa kazi yake mwanamume angeamka asubuhi akiwa ameshiba, ana afya na amevaa nguo safi. Nyumba ya matofali alipewa, bomba la maji halikuwa mbali, na sheria za usafi zilikuwa nyingi. Na baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaenea kambini zile nyumba za mafunzo zilizoitwa foyer, ambamo masista na mabibi wa Kizungu waliwafundisha wake wa wafanyakazi kushona, kupika, kulea watoto wachanga, kufua na kupiga pasi. Wako wazee wanaoyakumbuka mafunzo hayo kwa shukrani, na shukrani yao ni ya haki, kwa sababu elimu ni elimu hata ikitolewa na mtu mwenye makusudi yake.

Ni katika enzi hiyo ndipo kufua kulipopata siku yake, na siku hiyo ikapata utaratibu wake, nao ndio ninaotaka tuutie maanani. Katika nyumba nyingi zilitangulia nguo nyeupe, zile za kanisani na mashati ya shule, zikitiwa bulu katika maji ya mwisho zisiwe na umanjano. Zikafuata nguo za watoto wachanga, kisha vitenge vya mama, ambavyo havikuanikwa juani wazi visije vikapauka. Na mwisho kabisa, baada ya kila kitu kuwa kwenye kamba, ndipo ililetwa salopeti ya baba, ikawekwa katika beseni lake na maji yake mwenyewe. Mama hao walifanya hivyo ili uwekundu wa udongo usizichafue nguo nyingine, lakini ndani ya desturi hiyo mlikuwa na hekima kubwa kuliko walivyojua wao wenyewe, na kubwa kuliko walivyoambiwa na mtu yeyote aliyekuwa na wajibu wa kuwaambia.

Hapa nitachepuka kidogo. Katika mitaa ya Wazungu ya mji uleule, nguo zilifuliwa na mwanamume Mwafrika, aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, akalipwa mwisho wa mwezi na kuandikiwa kitabu cha kazi. Kazi ilikuwa ileile, sabuni ileile, maji yaleyale yaliyotoka katika bomba la Kampuni. Lakini ilipofanywa na mwanamume katika nyumba ya bwana iliitwa kazi, na ilipofanywa na mke wa mwanamume huyo nyumbani kwake jioni iliitwa wajibu. Nayo sabuni yenyewe ilikuwa na habari yake. Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ilitia saini mkataba na William Lever, Mwingereza mwenye viwanda vya sabuni, ukampa misitu mikubwa ya michikichi huko Kwilu na kwingineko. Na vijana waliolazimishwa kupanda michikichi hiyo kukata mikungu walitaabika hata watu wa kabila la Wapende wakaasi mwaka 1931, wakauawa kwa mamia. Hivi ndivyo Kongo ilivyofungamana: mafuta ya taabu ya watu wa magharibi yakawa sabuni, na watu wa kusini wakawa na vumbi la kuosha.

Na pasi je? Wageni wengi hushangaa kuona mwanamke wa Katanga akipiga pasi hata nepi, hata soksi, hata nguo za ndani, wakadhani ni majivuno. Si majivuno hata kidogo. Yuko inzi katika nchi hizi ambaye hutaga mayai yake katika nguo mbichi iliyoanikwa kivulini au juu ya majani, na mayai hayo yakianguliwa, buu hujipenyeza katika ngozi ya aliyeivaa, likafanya jipu lenye maumivu makali. Na dawa ya hakika ni moto wa pasi. Kwa hiyo pasi ya makala, ile nzito yenye kifuniko na matundu ya kupumulia, ilikuwa ni chombo cha tiba kabla ya kuwa chombo cha urembo, na mpaka leo haijastaafu. Mabwawa ya umeme yalijengwa juu ya mto Lualaba karibu nasi, la Nzilo likaanza kazi mwaka 1952 na la Nseke mwaka 1956, lakini umeme huo ulikusudiwa kwanza migodi na viwanda vya kusafishia madini, na nyumba nyingi zilizo chini ya nyaya zake zikabaki kupuliza makala. Moto wa pasi humuua mdudu. Lakini vumbi la madini haulifanyi lolote, na neno hili naomba mlishike, maana tutalirudia.

Kuanguka kwa Gécamines, mrithi wa Kampuni, kulikuwa pia kuanguka kwa siku ya kufua. Mwaka 1986 ilizalisha karibu tani 476,000 za shaba. Mwezi wa Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto ikaporomoka. Mishahara ikachelewa mwezi, kisha miezi, kisha ikawa hadithi. Na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaachishwa kazi kwa mpango ulioitwa wa hiari. Mabomba ya kambi nayo yakaanza kukohoa hewa. Tokea hapo, katika nyumba nyingi za mji huu, siku ya kufua haiamuliwi na kalenda, huamuliwa na maji: yakitoka usiku wa manane, watu huamka usiku wa manane, yasipotoka, binti hutumwa kisimani, au hununuliwa bidoni kwa kijana mwenye baiskeli, na kila bidoni ina bei yake.

Tazameni sasa jinsi bei hiyo ilivyouvunja utaratibu wa bibi zetu. Mwanamke aliyekuwa na bomba mlangoni aliweza kuipa salopeti maji yake peke yake. Mwanamke anayenunua maji kwa bidoni hawezi. Maji yaliyofulia mashati hufulia vitenge, yaliyofulia vitenge hufulia suruali ya mchimbaji, na maji hayo ya mwisho, mazito na mekundu, hayamwagwi, bali hudekiwa nayo sakafu au hunyunyizwa uani ili kutuliza vumbi la kiangazi, mahali ambapo mtoto hutambaa. Huku si kukosa akili, wala hakuna mtu anayestahili kulaumiwa kwa kutunza maji aliyoyalipia. Ni hesabu ya umaskini, na ukiipiga upya mara mia utapata jawabu lilelile.

Tena mchimbaji mwenyewe amebadilika. Yule wa zamani alivaa salopeti ya Kampuni. Maelfu ya wachimbaji wa mikono wa siku hizi hawakupewa salopeti na mtu, bali hushuka shimoni na jinzi ya mtumba na fulana, nguo zilezile wanazokalia chakula jioni. Mwaka 2014 ikajulikana kwamba chini ya viwanja vya mtaa wa Kasulo kuna madini ya kobalti, watu wakachimba uani, wakachimba hata chini ya sakafu za vyumba vyao. Na hivyo umbali uliokuwapo kati ya mgodi na nyumba, ambao hapo kale ulikuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu, ukawa unene wa ukuta. Na katika mito na mabwawa ambamo wanawake walifulia, wanawake haohao, wengine wakiwa na watoto mgongoni, wakaingia humo mpaka magotini kuosha mawe ya madini kwa ujira mdogo. Leo zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima hutoka Kongo, na sehemu kubwa yake hutoka katika mkoa wetu huu wa Lualaba. Betri za simu na motokaa za ng'ambo zinaitegemea. Lakini vumbi lake halisafiri kwenda ng'ambo pamoja nayo, hubaki katika mikunjo ya nguo za Kolwezi.

Sisemi haya kwa dhana. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, wakiongozwa na Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Leuven huko Ubelgiji, waliwapima wakazi wa Kasulo, na mwaka 2018 wakatangaza kwamba mikojo na damu za watu hao zilikuwa na kobalti nyingi kuliko za watu wa mtaa wa jirani usio na machimbo, na kwamba watoto, ambao hawakushuka shimoni, ndio waliozidi. Nalo vumbi la ndani ya nyumba likapimwa, likakutwa na madini. Mwaka 2020 jopo la wataalamu wa vyuo hivyo likatangaza utafiti mwingine uliofanywa Lubumbashi, ulioonyesha kwamba akina baba wafanyao kazi za madini walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata watoto wenye kasoro za maumbile. Wataalamu hawakusema kwamba beseni la kufulia ndilo lililoleta madhara hayo, nami sitawasingizia. Lakini baba aliyetoka mgodini huleta vumbi nyumbani kwa njia ya mwili wake na nguo zake, na mtu wa kwanza kuzishika nguo hizo, akazikung'uta, akazisugua kwa mikono mitupu, ni mama, ambaye huenda ni mjamzito.

Hatari hii ya nguo za kazi ilikwisha julikana duniani zamani. Mwaka 1965, mjini London, Muriel Newhouse na Hilda Thompson walichunguza watu waliokufa kwa saratani inayoletwa na vumbi la asbesto, na miongoni mwao wakawakuta watu ambao hawakupata kukanyaga kiwandani. Walichofanya ni kukaa nyumba moja na mfanyakazi wa asbesto, na aghalabu alikuwa ni mke aliyefua nguo za mumewe. Asbesto na kobalti si kitu kimoja, na maradhi yake ni mbalimbali, lakini njia ya kuingilia nyumbani ni moja.

Na wake wa wachimbaji wa kule hawakunyamaza. Mwaka 1919 mwanamke wa Wales aitwaye Elizabeth Andrews alifika London pamoja na wake wawili wa wachimbaji, wakasimama mbele ya tume ya serikali iliyokuwa ikichunguza mambo ya makaa ya mawe, wakaeleza jinsi mwanamke anavyovunjika mgongo kwa kubeba na kuchemsha maji ya kumwogesha mume na watoto wa kiume waliotoka shimoni kwa zamu tofauti, na kwa kufua na kukausha nguo zao jikoni. Wakadai mabafu yajengwe mgodini. Mwaka 1926 ikapitishwa sheria ya kutoza fedha kutoka katika mrabaha wa makaa ili kujenga mabafu hayo. Ufaransa na Ubelgiji nako vilijengwa vyumba virefu vya kubadilishia nguo, ambamo nguo za kila mchimbaji zilipandishwa darini kwa mnyororo na kulabu yake, zikakauka huko juu, naye akarudi kwake akiwa ameoga na amevaa nguo za raia. Ubelgiji, nasema, nchi ileile ambayo Kampuni yake ilichimba shaba hapa! Na mwaka 1995 Shirika la Kazi Duniani lilipotunga Mkataba nambari 176 juu ya usalama na afya migodini, liliandika kwamba mwenye mgodi ana wajibu wa kuwapa wafanyakazi mahali pa kutosha pa kuogea na pa kubadilishia nguo, na kupatunza pawe safi.

Huenda msikilizaji akaniambia kwamba mashine za kufulia zimekuja, na maduka ya presingi yako mjini, basi mambo yatajitengeneza kadiri watu wanavyopata fedha. Nafurahi kwa kila nyumba iliyopata mashine, kwa maana mgongo wa mama ni mmoja. Lakini mashine hudai maji ya bomba na umeme usiokatika, vitu viwili ambavyo Kolwezi haijahakikishiwa. Na ikiwa jinzi ya mchimbaji itatiwa ndani pamoja na nepi za mtoto, mashine itakuwa imeharakisha kosa tu. Nguo zenye vumbi la mgodi hazina haki ya kuvuka kizingiti cha nyumba, na kazi ya kuzisafisha ni sehemu ya gharama za kuchimba, kama zilivyo gharama za mafuta ya malori na baruti. Tangu mwaka 1937 imekuwa ikilipwa na mtu asiyedaiwa.

Kwa hiyo nawaomba wenye migodi, wakubwa kwa wadogo, wajenge mahali pa kuogea, pa kubadilishia nguo na pa kufulia nguo za kazi, na wawaajiri wafuaji kwa mshahara na kinga, wanaume kwa wanawake, kama Wazungu wa zamani walivyowaajiri. Na penye mgodi uliokwisha fanya hivyo, nautolea shukrani na kuutaja kuwa mfano. Vyama vya ushirika vya wachimbaji wa mikono havina mali ya kampuni kubwa, lakini fedha ziko. Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 imezilazimisha kampuni kutenga angalau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka migodi, na imeagiza asilimia 15 ya mrabaha ipewe serikali za mitaa ambamo madini yachimbwa. Ninyi mketio katika kamati za fedha hizo, mnapopanga shule na barabara, pangeni pia kisima kirefu na banda la kufulia kando ya kila machimbo, lenye mfereji wa kupeleka maji machafu mbali na visima vya kunywa. Na kabla ya kuchora ramani yake waiteni wanawake wanaofua, muwasikilize.

Na mpaka siku hiyo ifike, nawasihi akina mama: nguo ya mgodini isikung'utwe ndani ya nyumba wala karibu na mtoto, ilowekwe kwanza, vumbi lisipate kuruka, ifuliwe mwisho, katika beseni lake peke yake, na mwenye mimba asiishike, maji yake yasidekiwe nyumba wala yasinyunyizwe uani, bali yamwagwe mbali na kisima. Nawe baba, ukiwa wanisikia, ivue nguo hiyo nje ya mlango, uoge kabla ya kumpakata mwanao, na maadamu umekuwa na nguvu za kuchimba mchana kutwa, unazo pia za kuifua mwenyewe.